Sweta ya Shule Si Sufu: Wacheni Kutuuzia Plastiki kwa Jina la Kondoo

Wacha niseme mapema, mwenye kukasirika akasirike. Ile sweta ya shule uliyovaa miaka yote, ile mathe alilipia akiambiwa "hii ni wulu safi, itakaa", kuna uwezekano mkubwa haijawahi kukaribia kondoo. Hata kwa picha. Nyingi ya hizo sweta ni akriliki, na akriliki ni plastiki iliyovutwa hadi ikawa uzi. Na lile shati jeupe la "kotoni"? Ukibahatika ni pamba nusu, poliesta nusu. Usipobahatika ni poliesta imejaa, ndugu ya chupa ya soda.

Mimi ni mtoto wa Kawangware. Nguo nanunua Toi, napita Ngong Road kwa miguu nikiwa sina nauli, na nusu ya marafiki wangu wanaishi Kibera, kutoka Olympic mpaka Laini Saba. Hakuna mtu hapa anavaa vibaya. Sisi ndio tunavalisha hii Nairobi. Lakini tunavaa bila kujua tumevaa nini, na kuna watu wanapata pesa kwa sababu hatujui. Hiyo ndiyo vita yangu leo.

Kabla uniambie "buda, nguo ni nguo", nipe dakika kumi.

Herufi moja tu

Kiswahili chenyewe kilishatuonya. Kuna sufu na kuna sufi. Sufu ni manyoya ya kondoo. Sufi ni ile pamba nyepesi inayotoka kwa mti wa msufi, watu wa Pwani wanajaza nayo mito na magodoro. Herufi moja mwishoni imekutoa kwa mnyama ikakupeleka kwa mti. Wazee waliotupa hii lugha walijua hizo ni vitu mbili. Sisi tuko na simu kila mtu mkononi na bado tunaita kila kitu laini "wulu" na kila kitu chepesi "kotoni".

Tofauti yenyewe si ngumu. Mmea unajijenga kwa selulosi. Selulosi ni mnyororo mrefu wa sukari, glukosi imeshikana na glukosi. Pamba ni karibu selulosi tupu. Kitani, juti na katani ya mkonge pia ni selulosi, ila hizo zimechanganyika na vitu vingine vya mmea, ndio maana kamba ya katani ni ngumu na inawasha. Wanga ulio kwa unga wa ugali pia ni mnyororo wa glukosi, ila umeshikana kwa njia nyingine. Kwa hivyo tishati yako ya pamba na ugali wa jana ni mabinamu. Usicheke, ni ukweli.

Mnyama hajengi hivyo. Mnyama anajenga kwa protini. Sufu ni keratini, protini ile ile ya nywele zako na kucha zako. Hariri ni protini nyingine, inatolewa na kiwavi akijizungushia nyumba yake. Sufu ya kondoo, manyoya laini ya mbuzi wa kashmiri, nywele zako mwenyewe: zote ni familia moja.

Halafu kuna ya tatu, ambayo si mmea na si mnyama. Poliesta, akriliki, nailoni. Hizo zinatoka kwa mafuta ya petroli. Poliesta ilisajiliwa na wanakemia wawili Waingereza mwaka wa 1941, na leo peke yake ni zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani. Pamba imebaki kama moja kwa tano. Sufu je? Kama asilimia 1.

Soma tena hiyo namba. Asilimia 1 ya nyuzi za dunia nzima. Sasa fikiria kila mtoto wa shule Nairobi, kila marvin inayouzwa stage, kila skafu, kila blanketi, zote zinaitwa wulu. Hao kondoo wako wapi? Wengi tunaowaona huku ni wa nyama. Wale wa sufu kama Merino na Corriedale wako, wanafugwa nyanda za juu, Molo na Nyandarua, lakini si wa kuvalisha nchi. Hesabu haikubali. Kuna mtu anadanganya, na si kondoo.

Msusi wako anajua kuliko mwalimu

Kitu kinachonishangaza ni kwamba mtaani tayari tunajua kutofautisha. Tunajua kwa nywele, tunasahau kwa nguo.

Enda saluni yoyote Kawangware, pale Kongo ama 46. Msusi akimaliza braids, anachukua maji moto ama kiberiti anachoma ncha. Kwa nini? Kwa sababu braids ni plastiki. Zinayeyuka, zinashikana, hazifumuki. Sasa mtu akiletewa weave anaambiwa ni nywele za binadamu, anafanya nini kabla atoe pesa? Anachoma nywele mbili tatu. Zikitoa harufu ile mbaya ya nywele kuungua na zikabaki jivu la kusagika, ni za mtu. Zikiyeyuka zikawa tone gumu, amekaribia kuibiwa.

Hiyo ni sayansi kamili. Harufu ile inatokana na salfa iliyo ndani ya keratini. Na kwa sababu sufu na nywele ni keratini zote mbili, kipimo ni kile kile. Chomoa uzi mmoja wa sweta yako kutoka kwa mshono wa ndani. Shika na kikoleo ama kibanio cha chuma, nje ya nyumba, juu ya sahani ya chuma, maji yakiwa karibu, na usifanye ukiwa umeivaa. Washa.

Ni pamba: inashika moto haraka, inanuka kama karatasi, inabaki jivu laini la kijivu.

Ni sufu: inakataa kataa, inajikunja, inanuka nywele, na ukitoa moto inaelekea kuzima yenyewe. Kinachobaki ni cheusi na kinasagika kwa vidole.

Ni poliesta: inarudi nyuma kama inaogopa, inayeyuka, inatoa moshi mweusi, inaacha tone gumu halisagiki.

Ni akriliki: inayeyuka na kuwaka vizuri sana kwa wakati mmoja, harufu kali ya kemikali, donge gumu jeusi.

Dada anayelipia weave anajua haya yote. Mzazi anayelipia sweta ya shule hajui, na hakuna mtu kwa kaunta ana haraka ya kumwambia.

Hapa ndipo si utani tena

Najua kuna mtu anasema, sawa, ni plastiki, so? Inaweka joto, inafanya kazi.

Wacha tuongee kuhusu moto. Wewe unayeishi kwa keja ya mabati kumi kwa kumi unajua vile tunaishi. Kitanda, pazia, jiko la mafuta taa, meza, mtoto anafanya homuwaka, vyote viko hatua mbili kutoka kwa kila kimoja. Stima ni ya sambaza, waya zimepita juu ya paa kama kamba za nguo. Kibera imeungua mara ngapi? Toi imeungua zaidi ya mara moja. Gikomba tarehe 28 Juni 2018 watu 15 walikufa. Moto kwetu si habari ya ng'ambo.

Sasa angalia vile nyuzi zinafanya kwa moto. Hewa tunayopumua iko na oksijeni kama asilimia 21. Sufu inahitaji kama asilimia 25 ndiyo iendelee kuwaka. Hewa ya kawaida haiitoshi, ndio maana ukiondoa moto inaelekea kuzima. Pamba inahitaji kama 18 tu, kwa hivyo inawaka vizuri, lakini haiyeyuki. Akriliki pia iko karibu na 18, inawaka kama pamba, na juu yake inayeyuka. Inayeyuka ikiwa kwa mkono wa mtoto. Plastiki moto haidondoki tu ikaenda. Inashika ngozi.

Mnadhani ni mimi naongeza chumvi? Mwaka wa 2006 wanajeshi wa Marines wa Marekani waliokuwa Iraq walikatazwa kutoka kambini wakiwa na nguo za michezo za poliesta na nailoni zinazoyeyuka. Wakubwa wao waliona vile zinafanya kwa ngozi mtu akipatwa na mlipuko. Hao ni watu wazima wenye helmeti na madaktari wao wenyewe. Mwanajeshi anakatazwa. Mtoto wa darasa la pili Gatwekera, anayekaa mita moja na jiko, analazimishwa, na asipovaa anarudishwa nyumbani.

Sisemi sweta ya sufu itakuokoa nyumba ikiungua yote. Hakuna nguo ya kufanya hivyo. Nasema mikono mingi huungua kwa moto mdogo, ule wa kugeuza sufuria, ule wa mshumaa kuanguka. Kwa huo moto mdogo, uzi uliovaa unaweza kuamua kama utapakwa dawa ama utalazwa.

Ugali na nyama hazipikwi sawa

Hata ukiwa huna shida na moto, kutojua kunakukula pesa kila wiki kwa karai la kufulia.

Pamba ni ngumu ikiwa na maji kuliko ikiwa kavu. Ndio maana mama anaweza kuipiga kwa jiwe, kuichemsha, kuitia Jik kidogo, na kesho inavaliwa. Selulosi inavumilia sabuni kali. Adui yake ni asidi na ukungu. Iache unyevu kwa mfuko siku tatu msimu wa mvua, utaona madoa meusi yasiyotoka.

Sufu ni kinyume. Ikilowa inakuwa dhaifu. Uzi wake uko na magamba madogo sana, na ukitia maji moto halafu ukasugua, yale magamba yanakamatana na hayaachani. Sweta ya mtu mzima inatoka ikimtosha mwanasesere. Na Jik? Usijaribu. Klorini inakula protini, sufu inageuka njano na ikizidi inayeyuka kabisa. Sabuni kali ya kipande pia inaichosha. Sufu inataka maji baridi, sabuni ya nywele kidogo, kukamua polepole kwa taulo, kuanika ikiwa imelala.

Na wadudu wanajua tofauti kukushinda. Nondo wa nguo anakula keratini. Atapita tishati zako zote za pamba safi aende moja kwa moja kwa sweta ya sufu. Ukipata sweta ya Toi imetobolewa vishimo vidogo vidogo, usimlaani muuzaji haraka. Huenda ni nondo amekuthibitishia hiyo ni sufu.

Nimeona mtu akinunua sweta ya kashmiri kwa fagia, bei ya chai na mandazi mbili, akaenda kuichemsha na nguo za mtoto. Kitu ambacho ng'ambo kinauzwa pesa ya kodi ya nyumba kilikufa kwa karai dakika ishirini. Hiyo si bahati mbaya. Hatukufundishwa. Tulifundishwa shuleni kuchora mchoro wa kondoo, hatukufundishwa kusoma lebo.

Mtumba iko na ukweli kuliko duka

Na hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ni kitu hatusemi.

Chukua sweta kuukuu yoyote Toi. Geuza ndani, tafuta kile kitambaa kidogo kwa mshono wa ubavuni. Mara nyingi utapata imeandikwa: sufu asilimia 80, nailoni 20. Pamba 100. Akriliki 100. Imeandikwa vile kwa sababu huko ilikotoka ni sheria. Marekani wako na sheria ya lebo za sufu inayoitwa ya mwaka wa 1939. Ulaya wako na kanuni ya 2011 inayolazimisha kila nguo iseme nyuzi zake kwa asilimia. Mtu aliyeitupa alikuwa analindwa. Nguo imevuka bahari, imefungwa kwa bale, imefunguliwa saa kumi na moja asubuhi, imepita mikono kumi, na bado inakuambia ukweli.

Sasa chukua sweta mpya ya shule kwa duka lile mzazi ameelekezwa na shule. Geuza ndani. Utapata jina la duka na saizi. Nguo iliyotupwa inaniheshimu kuliko nguo mpya niliyolazimishwa kununua. Hiyo imekaa sawa kweli?

Na bei ndiyo inaumiza. Nilipoingia kidato cha kwanza tulipewa karatasi ya mahitaji, na duka moja tu. Sweta yake ilikuwa bei ya sweta tatu nzuri za Toi, na ilikuwa akriliki. Najua kwa sababu niliichoma uzi baadaye, nikanusa. Rafiki yangu alikuja na sweta ya mtumba, rangi ile ile, sufu tupu, imeandikwa. Alirudishwa kutoka getini. Kosa lake? Haikuwa na nembo ya duka. Mtoto alifukuzwa kwa kuvaa nguo bora. Shule siitaji, na haina haja niitaje, kwa sababu wewe unayesoma unaifikiria yako.

Sijasahau ubaya wa mtumba. Nchi yetu iliingiza tani kama 185,000 mwaka wa 2019, na mwaka wa 2023 shirika la Changing Markets lilitoa ripoti likisema mamilioni ya hizo nguo ni plastiki isiyouzika inayoishia kutupwa. Wafanyabiashara wa mtumba walipinga hizo namba. Wapigane nazo. Lakini ukitembea kando ya mto pale Gikomba, huhitaji ripoti. Pamba ikitupwa kwa udongo inaoza. Sufu pia inaoza, polepole. Poliesta itakupata hapo, wajukuu zako itawapata hapo. Tarehe 28 Agosti 2017 tulipiga marufuku mifuko ya plastiki, faini mpaka milioni nne. Mfuko tukauacha. Plastiki tukaivaa.

"Lakini akriliki ni rahisi"

Sitaki kukwepa hoja. Zile ninazosikia sana ni tatu.

Ya kwanza: sufu ni ghali, watu wa mtaa hatuwezi. Kweli, sweta mpya ya sufu tupu ni ghali. Lakini mimi sijasema kila mtoto anunuliwe sufu mpya. Nimesema usiniuzie akriliki kwa jina la sufu na kwa bei inayoelekea sufu. Kama ni akriliki, iandike akriliki na uniuzie bei ya akriliki. Umaskini haujawahi kuwa sababu ya kudanganywa. Tena maskini ndiye hawezi kumudu uongo, kwa sababu sweta ni moja na hakuna ya pili.

Ya pili: akriliki inakauka haraka, haifinyi, na kwetu maji ni ya kununua kwa mtungi. Hii ni hoja ya maana, naiheshimu. Poliesta inashika maji kidogo sana, haifiki asilimia 1 ya uzito wake kwa hali ya hewa ya kawaida. Pamba inashika kama 8, sufu kama 16. Kwa hivyo ndiyo, plastiki inakauka kwa kamba mapema. Lakini maji hayo hayo ndiyo jasho. Nguo isiyoshika unyevu inauacha kwa ngozi yako. Ndio maana ndani ya mathree saa nane mchana, shati la poliesta linakugeuza supu. Na sufu iko na ujanja mwingine: inaweza kubeba karibu thuluthi moja ya uzito wake kwa unyevu na usihisi umelowa, na bado inapasha. Julai hii yetu ya manyunyu, ukiamka saa kumi na moja kutembea shule, hiyo si anasa. Mzazi akijua haya yote halafu achague akriliki kwa sababu ya maji ya mtungi, sina neno. Amechagua. Ninachopinga ni kuchaguliwa.

Ya tatu: unaua kazi ya fundi wetu. Hapana. Fundi wa mashine ya kufuma aliye Makina ama Kawangware si adui yangu. Yeye anafuma uzi anaoletewa, na ukimuuliza kwa heshima, "Fundi, huu ni uzi gani?", mara nyingi anakujibu ukweli bila kupinda. Anayenufaika na giza si fundi. Ni yule anayepata oda ya shule nzima bila mshindani.

Na wale wa "vitu vya asili ni vitakatifu", nyinyi pia tulieni. Pamba inawaka haraka, nimeshasema. Pamba ikilowa inakupa baridi. Sufu inawasha watu wengine vibaya. Kila uzi uko na kazi yake. Mama wa Ukambani anayesuka kiondo hatumii sufu kwa kamba ya kubebea, anatumia katani, kwa sababu anajua mkonge unavumilia mvuto. Hakuenda chuo kikuu. Anaujua uzi wake. Ni huo ujuzi tu ninaoudai.

Tulifikaje hapa

Haikuwa hivi kila wakati. Nchi hii ilikuwa inalima pamba, inasokota, inafuma. Kisumu kulikuwa na kiwanda, Eldoret kulikuwa na Rivatex. Miaka ya tisini soko likafunguliwa wazi, pamba ikaporomoka, viwanda vikafuata. Rivatex ilikufa, ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka wa 2007, ikazinduliwa upya mwaka wa 2019 na hotuba nyingi. Wakati huo wote mkulima wa pamba alikuwa ameshang'oa akapanda kitu kingine.

Sasa fikiria yunifomu. Mamilioni ya watoto, kila mmoja anahitaji shati, sweta, sketi ama suruali, kila mwaka, lazima. Hilo ni soko linalojiuza lenyewe. Kama lebo ingekuwa ukweli na mzazi angeweza kusema "nataka pamba", mkulima wa pamba wa hapa angekuwa na mtu wa kumuuzia. Mfugaji wa Nyandarua angekuwa na sababu ya kutunza sufu. Uongo wa "wulu" na "kotoni" unamuibia mzazi wa Kibera na mkulima kwa wakati mmoja.

46 nyingine

Watu wa Kawangware, sisi tunaijua 46 kama namba ya gari la nyumbani. Katiba ya 2010 pia iko na 46 yake. Kifungu cha 46 kinasema mnunuzi ana haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili, haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na anachonunua, na haki ya kulindwa afya yake, usalama wake na pesa zake. Habari. Usalama. Pesa. Sweta isiyo na lebo imekanyaga zote tatu kwa mguu mmoja.

Kwa hivyo si ombi. Ni madai matatu.

Moja: kila yunifomu inayouzwa iwe na lebo ya nyuzi kwa asilimia, kwa Kiswahili na Kiingereza, na njia ya kuifua. KEBS wako, kazi yao ni viwango. Watoke ofisini waende kwa maduka ya yunifomu mwezi wa Januari, wachomoe uzi, wapime.

Mbili: shule iseme rangi, isiseme duka. Wizara ya Elimu imeshasema mara nyingi kwamba mzazi anunue anapotaka. Mwalimu mkuu anayerudisha mtoto getini kwa sababu ya nembo ya duka aulizwe ana hisa ngapi.

Tatu: masomo ya uzi yaingie darasani kwa vitendo. Uzi tatu, kiberiti, sahani ya chuma, mwalimu. Dakika kumi. Mtoto wa miaka kumi na mbili atatoka hapo akiwa hadanganyiki tena maishani.

Na wewe, usingoje serikali. Wikendi hii ukiwa Toi ama soko la Kawangware, geuza kila nguo ndani kwanza kabla ya kuijaribu. Ukienda duka la yunifomu, uliza kwa sauti wengine wasikie: "Hii ni nyuzi gani, na asilimia ngapi?" Akikuambia "ni wulu", mwambie akuandikie kwa risiti. Utaona vile kalamu inakuwa nzito.